Jiko Lililoachwa Nje ya Ramani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Mfuko wa Ujenzi. Wakuu wa kaunti na wa jiji mlioketi mbele. Meneja wetu wa ukumbi. Majirani na wageni wote:

Kama ulisikia sauti zimepanda nyuma ya jukwaa ulipokuwa ukishuka garini, Mheshimiwa, hizo hazikuwa za kukushangilia. Tulikuwa tunagombana. Tumegombana tangu sufuria ya kwanza ilipotiwa maji leo asubuhi, na walioketi viti vya nyuma wamesikia kila kitu. Haitafaa tusimame hapa tujifanye tumetoka kanisani.

"Warigia, hiyo ni pesa ya ploti!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Zachariah, mchoma nyama wetu na mweka hazina.

"Najua ni ya ploti. Si hata mimi nilichanga?" Huyo ni Warigia, mwenyekiti wetu.

"Na sasa unataka kuipeleka kwa watu wenye magari makubwa?"

"Nataka kuipeleka kwa jiko, Mzee. Jiko halina gari."

"Hilo jiko liko wapi? Nionyeshe kwa ramani."

"Haliko kwa ramani. Ndiyo maana mimi na wewe tunapigiana kelele."

"Basi pigeni kelele polepole," akasema Ogola, mwenye tenti na viti. "Mgeni ameingia geti."

Hapo ndipo ulipofika.

KARIBU

Karibu sana Eldoret, Mheshimiwa, na karibu Ukumbi wa Mikutano wa Sosiani. Sisi ni Umoja wa Wapishi na Watoa Huduma wa ukumbi huu: wanachama thelathini na wanane, wanawake wengi na wanaume wachache wavumilivu. Tunapika, tunapakua, tunaosha, tunapanga viti na kusimamisha tenti. Umekuja kuanzisha rasmi uchangishaji wa pesa za kupanua ukumbi, na tuliombwa tuandike risala ya shukrani. Shukrani zimo. Na mengine yamo.

Msimamo wetu usikie mapema, usije ukaketi na wasiwasi. Tunautaka upanuzi huu. Tunautaka kuliko watu wengi walioketi kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa. Mkutano ukikosa nafasi hapa ukahamia Kisumu au Nakuru, afisa wa ofisini hupata siku ya kupumzika. Sisi hupata siku ya kulala njaa. Tumeshuhudia madaktari wakija kuupima ukumbi kwa macho, wakahesabu viti, wakashukuru kwa chai na kwenda zao. Chai yetu waliisifu. Mkutano wao waliufanyia kwingine.

Mji wetu sasa ni jiji. Jiji haliwezi kuwaambia wageni wake wakae kwa zamu.

TULIKOTOKA

Warigia alifika hapa kabla ya ukumbi. Aliwauzia mafundi chai wakati kuta zilikuwa bado zinawafika kiunoni. Ukumbi ulipofunguliwa akaambiwa akauzie nje ya ua. Akahamia nje ya ua bila maneno, maana alijua mtu mwenye kiu hupata njia.

Hakukosea. Wakulima wa mahindi kutoka Moi's Bridge waliletwa kwa semina ya siku mbili, na walioiandaa walikumbuka kila kitu, hata kalamu, ila chai. Sasa mtu aliyeamka alfajiri kukamua ng'ombe, akasafiri kwa baridi, umweleze habari za mbolea na tumbo lake halina kitu? Kufikia saa nne wakulima walikuwa wamesimama uani wakinung'unika, na msemaji alikuwa anavihutubia viti. Meneja wa wakati huo akaja mbio hadi kwenye ua.

"Mama, uko na chai ya watu wangapi?"

"Wako wangapi wenye kiu?"

"Kama mia tatu."

"Basi niko na ya mia tatu. Nipe saa moja na unifungulie geti."

Mheshimiwa, hakuwa na chai ya watu thelathini. Alikuwa na birika moja, chupa mbili na ujasiri wa mtu anayelipa kodi ya nyumba Langas kila mwisho wa mwezi. Meneja alipogeuka tu, Warigia akamtafuta Chepkorir, ambaye maziwa yake ya Kiplombe yalikuwa bado kwenye mitungi, hajayauza. Akamkuta Mzee Zachariah akikoka makaa, akamwambia ayaache hayo makaa, siku hiyo hakuna atakayekula nyama. Waliazima sufuria kwa kanisa la jirani. Saa moja ilipita, na nusu nyingine juu yake, lakini chai ilipotoka ilitosha, na siku ya pili meneja alimwita Warigia ndani ya ua kabla hajapanga vikombe. Hajatoka tena tangu siku hiyo. Sisi wengine tuliingia tukimfuata, mmoja mmoja.

TULIYOFANYA

Tumelisha mahafali, harusi, mikutano ya makocha wa riadha, makongamano ya wachungaji na vikao vya kamati ambazo hata wenyewe hawakujua zinakutana kwa nini. Kazi hii imesomesha watoto wetu. Wapo waliomaliza chuo na wapo wanaoendelea, na mmoja wao ndiye mhasibu katika ofisi yako ndogo hapa mjini. Hatutamtaja, asije akaona haya.

Lakini tunalojivunia zaidi ni jinsi tunavyopika. Hapa kwetu, ukialika watu kumi, wanakuja kumi na watatu. Yuko dereva. Yuko mlinzi. Yuko shemeji ambaye alikuwa anapita tu. Sisi hatumuulizi mtu kama jina lake limo. Tunapikia kumi na watatu, na hatujawahi kufunga sufuria mtu akiwa bado amesimama na sahani.

Kuna kampuni moja, hatutaitaja, iliyoona mtindo huu ni wa kishamba. Ikaleta chakula kwa gari kutoka nje, sahani zimehesabiwa, kila moja na kifuniko chake. Wageni walikula vizuri, hatukatai. Madereva hawakula. Wakaondoka na magari kwenda kutafuta ugali mjini, na huko wakakutana na marafiki. Mkutano ulipokwisha, msemaji mkuu, mtu mzima na tai yake, aliketi kwenye ngazi za ukumbi kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Chepkorir akampelekea mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni. Alikunywa, akauliza ni nini, akaomba tena.

Ogola alimwambia, "Mdosi, hapa ukitaka kufika nyumbani, unalisha dereva kwanza."

KINACHOTUUMA

Sasa tufike penye moto.

Kamati ya mradi ilipoleta ramani za upanuzi hapa ukumbini ili wananchi watoe maoni, ilifanya vyema. Ramani zilibandikwa ukutani, hazikufichwa. Watu walialikwa, wakaja, wakasema. Na watu waliokuja kutoa maoni lazima wale. Sisi ndio tuliopewa kazi ya kupika.

Kwa hiyo wakati wananchi wa jiji wanasimama kwa zamu kuulizia maegesho na vyoo, Warigia alikuwa nyuma ya ukuta huohuo akigeuza wali. Sauti za vipaza sauti alizisikia. Maneno hakuyafuata, unapopika wali wa watu mia sita husikilizi kitu kingine ila wali. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia. Hakuna aliyetukataza pia.

Baada ya chakula mshereheshaji akafanya kama ilivyo desturi yetu huku. Akasema, "Wapishi watoke tuwaone!" Na mpishi akiitwa hatoki kama mtu anayeenda kortini. Anatoka na mwiko mkononi na wimbo mdomoni. Warigia akaanzisha wimbo. Chepkorir akaupokea kwa Kikalenjin, ukabadilika ukawa mwingine, mtamu zaidi. Ogola akacheza na kiti kichwani. Ukumbi mzima ulisimama. Kamera zilipiga picha mpaka tukasahau vyombo.

Kisha kikaja kijitabu cha mradi, kile ulicho nacho hapo mezani, Mheshimiwa. Picha yetu iko ndani, kubwa, ya rangi. Chini yake pameandikwa kwamba wafanyakazi wa ukumbi wanaupokea mpango kwa shangwe.

Warigia alifurahi alipojiona. Alikionyesha kwa jirani zake Langas. Halafu akaketi kukisoma, maana yeye ni mtu wa kusoma hata karatasi ya kufungia sukari. Akapita ukumbi mkubwa, vyumba vya mikutano, maegesho, chumba cha mapumziko cha wageni mashuhuri. Akatafuta jiko. Akaigeuza ramani, labda ameishika vibaya. Akarudi mwanzo, akaenda polepole kwa kidole. Mahali jiko letu la mabati linaposimama leo, ramani ina ngazi na maua. Na ukurasa wa gharama unaeleza wazi: jiko limeondolewa ili bajeti itoshe, na chakula kitaletwa kutoka nje kwa magari.

Asubuhi yake alikuja kazini na kile kijitabu, akakiweka juu ya gunia la viazi, akatuita.

"Someni," akasema. "Tumecheza ngoma kwa furaha, na nyumba yetu inabomolewa nyuma yetu."

"Na wewe ndiye ulianzisha wimbo," akasema Mzee Zachariah.

"Mimi ndiye."

"Ungeuliza kwanza tunaimbia nini."

"Ningeuliza. Sikuuliza. Wewe uliuliza, Mzee? Nilikuona ukirusha mabega."

Ogola akakiinua kijitabu akakitazama sana. "Lakini mimi nimetoka poa," akasema. Tulicheka, halafu hatukucheka tena siku ile yote.

Mheshimiwa, hatusemi tuliibiwa. Kosa la kutoingia ukumbini ni letu, na tumelimeza. Tunachosema ni kwamba kucheza kwa shukrani ya chakula si kukubali ramani. Wewe ni mtu wa heshima na unajua tofauti. Na tukikosa jiko hapa, watu thelathini na wanane hawana kazi, kwa sababu sisi hatuna hoteli wala magari. Tuna mahali hapa tu.

TUNACHOOMBA

Hatukuja na bakuli. Tunajua Mfuko wako unatafutiwa pesa na watu wengi, na tunajua kaunti imetoa inachoweza. Kijitabu kimesema shida ni bajeti. Vizuri. Shida ya bajeti tunaifahamu, tunaishi nayo.

Tunaomba jiko lirudishwe kwenye ramani, nyuma ya ukumbi mpya, upande wa barabara ya mizigo. Fundi mchoraji tuliyemlipa wenyewe amelichora, na mchoro uko mikononi mwa meneja. Kuta na paa tutajenga sisi. Wakulima wa Moi's Bridge wanaotuuzia mahindi na maharagwe wamekubali kuingia nasi kwa sehemu ya mabati, kwa kuwa na wao hawataki kuliuzia gari linalopita. Mfuko wako utuletee maji, umeme na mtaro wa maji machafu. Hivyo vitatu hatuviwezi, na hatutadanganya kwamba tunaviweza.

Tena tunaomba mkataba wa kupika hapa, ulioandikwa, wenye muda unaojulikana. Mwenye mkutano akitaka kuleta chakula chake siku fulani, alete. Tutamwonyesha mahali pa kuegesha, na madereva wake tutawalisha sisi.

Kama haya hayawezekani, tafadhali tuambie leo, kwa maneno mafupi. Chakula chako hakitapungua. Tunachokiogopa si jibu la hapana. Tunaogopa "tutaliangalia."

TULICHOAMUA ASUBUHI YA LEO

Sehemu hii, kama ule mwanzo, haikupigwa chapa pamoja na nyingine. Imeandikwa kwa mkono kwenye meza ya kukatia mboga, ndiyo sababu karatasi ina unyevu.

Pesa za kuta na paa zipo. Ni akiba yetu ya kununua ploti Kiplombe, tugawane kila mtu kipande chake. Hakuna aliyekingoja kipande hicho kama Warigia. Alikwisha kukichagua: cha pembeni, kinachopata jua la asubuhi. Alikuwa amekwisha kuotesha miche ya parachichi kwenye mikebe, ikisubiri ardhi. Tangu aje mjini hajawahi kulala chini ya paa ambalo halina mwenye nyumba.

Kwa hiyo tulipoanza kulijadili jambo hili hatukutegemea yeye ndiye aseme tuitoe pesa.

Mzee Zachariah alisema maneno ya maana, nasi tunayasema hapa kwa heshima yake. "Ardhi haifutwi kwa ramani," alisema. "Ukishapata hati, umepata. Na hili jiko la zamani tuko na kibali nalo mpaka mwisho wa mwaka ujao. Msingi wao unaanzia hapahapa. Tukae tu. Tusisonge. Watatubembeleza wenyewe."

"Watatubembeleza mwezi mmoja," Warigia akamjibu. "Mwezi wa pili wataleta tingatinga na askari. Mzee, anayezuia hufukuzwa. Anayechangia huulizwa. Mimi nimechoka kuitwa nje kuonekana. Nataka kuitwa ndani kuulizwa."

"Na ploti yako?"

"Nitakaa kwa ploti nikifanya nini, nikiutazama ukumbi kwa mbali? Kwa kazi tutanunua ploti nyingine. Kwa ploti hatuwezi kununua kazi."

"Wewe bado uko na nguvu. Mimi nina miaka mingapi ya kungoja ploti nyingine?"

Warigia alisema tu, "Hiyo ni kweli, Mzee."

Tukapiga kura kwa njia yetu, kwa vikombe. Kikombe kilichosimama ni jiko. Kilichofunikwa ni ploti. Kila mtu alipita mezani akaweka chake. Warigia alipita wa mwisho. Alikishika kikombe chake muda mrefu kuliko mtu anayejua anachotaka, tukajua anawaza ile pembe yenye jua. Kisha akakisimamisha.

Vilivyosimama vilizidi. Si kwa mengi, lakini vilizidi. Cha Mzee Zachariah kilifunikwa, na hakuomba msamaha.

Ndipo ugomvi wa pili ukazuka, ule uliousikia. Mzee alikataa kutia sahihi. Alisema kura ameiheshimu, lakini hatoi pesa ya watu kwa ramani isiyo na jiko. Warigia alisema tukingoja ramani ibadilike kwanza, uchangishaji utaanza leo na jina letu halitakuwamo. Wote wawili walikuwa sawa, na hiyo ndiyo aina mbaya ya ugomvi.

Chepkorir ndiye aliyewakata. "Nyinyi wawili mnabishana kama mko na kitu kimoja cha kutoa," akasema. "Tuko na vitu viwili. Tuko na hundi na tuko na ufunguo wa jiko la zamani. Toeni hundi leo. Ufunguo wachukue siku ramani itakaporudi na jiko ndani."

Mzee Zachariah akauliza, "Ufunguo ukae na nani?"

"Na wewe," Warigia akasema. "Nani mwingine?"

Akatia sahihi. Ogola amesimama shahidi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Kwa hivyo, mgeni rasmi, uamuzi wetu ni huo, nao hautangoja kikao kingine. Hundi yetu ndiyo ya kwanza katika uchangishaji wa leo. Imeandikwa kwa akaunti ya mradi, si kwa jina la mtu, na nyuma yake tumeandika kazi yake: kuta na paa la jiko. Ufunguo hautakuja. Uko mfukoni mwa Mzee, na utakaa humo mpaka tuione ramani mpya.

Mwenyekiti wetu na mweka hazina, simameni. Mpelekeeni.

Wanakuja, Mheshimiwa. Mzee anatembea polepole kwa sababu ya goti, na leo pia kwa sababu ya alichobeba. Warigia anamngoja, wameamua kufika pamoja. Tunaomba usiinuke kuwafuata. Waache wafike wenyewe mpaka mezani.

Mungu akupe moyo wa kusikia na mkono wa kutia sahihi. Awabariki waliochanga na watakaochanga. Alisimamishe jengo hili, liwe kubwa, na asiwepo atakayetoka humo na njaa.

Ni sisi,
Umoja wa Wapishi na Watoa Huduma,
Ukumbi wa Mikutano wa Sosiani, Eldoret.